Mtungi Moja Kutoka Sagana Mpaka Kiganjo

Haya, watu wa gereji, na nyinyi wa pampu, na huyo amejificha nyuma ya lori na mandazi kwa mdomo akidhani simwoni, songeni hapa. Wekeni spana chini. Mmeniambia kabla niende nyumbani kukaa na ng'ombe niwaachie maneno ya kazi. Kuandika mimi sijui, lakini kwa kuongea hakuna mtu amewahi kunishinda Nyeri hii, kwa hivyo mimi naongea na Shiro wa ofisi anaandika. Mkiona makosa, ni ya Shiro. Mkiona utamu, ni yangu.

Overoli nimerudisha juzi. Nilipoivua ilibaki imesimama peke yake kwa kona, grisi imekuwa mifupa yake, na mteja moja akaiendea akaiuliza kama iko na plagi. Mambo ya mshahara sitawaambia kwa sababu mtalia. Na mambo ya kupanda cheo pia wacha, ngazi hapa mimi niliiona ikitumiwa na watu wa kupaka rangi peke yake.

Nilikuja hapa miaka ya tisini ikianza, natoka kuchuna kahawa. Shule nilikaa karibu nayo sana. Ilikuwa ng'ambo ya mto tu, na daraja ilikuwa mbaya. Siku ya kwanza nikapewa Mzee Kibuthu anifundishe kazi. Huyu Kibuthu alikuwa mtu mfupi, angeweza kutembea chini ya lori bila kuinama, na sikio yake ya kulia ilikuwa nyeusi ndani kama bomba ya jiko. Sababu ya hiyo sikio nitawaambia sasa hivi. Kwanza akanipa kipande ya paipu ya mpira akasema nitoe petroli kwa tangi ya gari fulani. Unanyonya kidogo, petroli ikikaribia unatoa mdomo, unaiacha iteremke yenyewe kwa debe. Mimi nikanyonya kama mtu anakunywa uji. Petroli haikuona debe, ilikuja yote kwangu. Bibi yangu alikataa nisikaribie jiko wiki mzima, na nikipiga mbweu kuku zilikuwa zinahama kwenda kwa jirani. Kibuthu hakucheka. Aliniambia tu kwamba sasa najua petroli inaenda haraka namna gani, na kwamba wenye magari wengi wanakufa bila kujua hiyo.

Hiyo paipu ndiyo ilikuwa shule yangu. Nyinyi siku hizi mnachomeka kompyuta na gari inawaambia yenyewe inaumwa wapi, kama mtoto ya siku hizi. Zile za zamani zilikuwa zinanyamaza kama wazee. Gari ya sports inaweza kuwa na kabureta mbili, tatu, na kila moja inavuta hewa na roho yake. Kibuthu alikuwa anaweka mwisho moja ya paipu kwa mdomo ya kabureta, mwisho ingine kwa ile sikio, anafunga macho, anasikiza vile inapumua. Halafu anahamia ya pili. Zikipumua sawa, anakaza nati anaondoka. Watu wanasema siku moja alisikiza kabureta hapa Nyeri akasikia jogoo ya Othaya ikiwika. Mimi sikuwa hapo, lakini sioni kwa nini nikatae.

Kitu ingine alinifundisha ni kusoma plagi, na hiyo nilisoma vizuri kwa sababu haina herufi. Unafungua plagi unaangalia rangi. Ikiwa nyeusi ya masizi, gari inakula kuliko kazi inafanya. Ikiwa nyeupe, inanyimwa, na itaungua. Ikiwa na rangi ya chai ya mgeni, ile imewekwa maziwa, funga boneti uende nyumbani. Nilifungua plagi za sports miaka yote hiyo, na nawaambia ukweli, chai ya mgeni niliiona kwa thamosi tu.

Sasa mtaniuliza sports ilikuwa inatafuta nini Nyeri. Hata mimi nilijiuliza. Zingine zilikuwa za wazungu wa mashamba huko Naro Moru na mbele, wanauza wanaenda kwao. Zingine zilikuwa zimechoka mashindano. Zingine mtu alienda ng'ambo kusoma akarudi na hiyo ndiyo digrii. Gari ya milango mbili, pua refu kama ya mtu anasikiza mambo ya jirani, injini kubwa ya kuvuta treni, na nafasi ya kukaa ni ya mtu moja na nusu. Ukikaa ndani ni kama umekaa kwa karai. Unaona magurudumu ya wengine. Unasalimiana na mbwa macho kwa macho.

Na kila mwenye hiyo gari alikuwa na hesabu mbili ya mafuta, ya baa na ya pampu. Kwa baa, lita moja inamtoa Nyeri inamfikisha Karatina na inabaki ya kuwasha jiko. Kwa pampu, hiyo lita moja inamtoa kwa pampu inamfikisha kwa geti yetu hapo. Ukimwambia, anakuletea kitabu ya gari. Ati kitabu imesema. Hiyo kitabu iliandikwa na mtu ya Ulaya, barabara imelala kama meza, gari imetoka kwa kiwanda asubuhi, dereva mwenyewe amekonda. Hapa kwetu barabara inapanda mpaka ukiangalia mbele unaona mbingu, gari imekula chumvi mingi, pistoni zinacheza ndani kama mguu kwa gambuti. Tena huku juu karibu na mlima hewa ni nyembamba. Kabureta ilitengenezwa ipige petroli na hewa ya chini huko. Ukiileta huku hewa inapungua lakini petroli inamwagika ile ile, kwa hivyo gari inalewa. Ndiyo maana masizi. Ongeza breki zinashika bila kuambiwa, choki imekwama, tairi pana kama godoro. Lakini Kibuthu alikuwa anasema hiyo yote inatengenezeka. Kitu moja kwa sports haina spea wala fundi, nayo ni mguu ya dereva.

Kulikuwa na moja alikuwa anaweka petroli ya kulowesha tangi tu, halafu anataka kioo ioshwe, tairi nne zipimwe, maji iangaliwe, na mimi nimwite bosi. Akitoka hapa anaenda anasimama mbele ya soko, haizimi, anakanyaga tu, vrum, vrum, wasichana wa kuuza viazi wasikie. Petroli inaisha na gari haijasonga hata hatua. Anarudi kwa mguu anatuambia pampu zetu zinaiba. Hao ndio walikuwa wateja. Tuliwaheshimu sana wakiwa hapo.

Sasa Kiarie. Kiarie alikuwa na buchari hapa town, mtu mzuri, ukinunua nyama anakuongezea mfupa bila kuambiwa. Shida yake ilikuwa moja, na ilikuwa nyekundu. Aliinunua kwa mzungu wa Naro Moru, na nasikia huyo mzungu alicheka kutoka kwa geti yake mpaka ndani ya ndege. Watu wa town waliita hiyo gari Njaũ, yaani ndama, kwa sababu kila ukiiona iko hapa kwa pampu inanyonya. Kiarie alikuwa anakunywa chai bila maziwa nyumbani kwake, na ako na ng'ombe, kwa sababu maziwa ya asubuhi ilikuwa inauzwa inakuwa petroli. Bibi yake Wangui alivumilia hiyo. Alivumilia hata siku aliambiwa asibebe ndizi kutoka sokoni, eti gari itasikia uzito.

Kitu alikataa ni ya siku ya kubatiza mtoto. Wamevaa vizuri, wamechelewa kidogo, Njaũ ikaisha mafuta pale Ruring'u, kilima. Kiarie akabaki kwa stiringi kwa sababu ati mwenye gari lazima ashike stiringi. Wangui akasukuma. Na kiatu ya mchuchumio, na kitambaa nyeupe ya kanisa, na wamama wa kanisa wanapita pole pole wakimpungia mkono. Walifika ibada imeisha, mtoto akabatizwa peke yake kama mtu amechelewa kwa mahakama. Jumatatu asubuhi Wangui alichukua mtoto na kiondo yake ya nguo akaenda kwa wazazi Kiganjo. Hakupiga kelele. Alimwambia Kiarie tu kwamba ndani ya hiyo boma kuna wawili wanalishwa na mmoja hashibi, na yeye amechoka kuwa yule anashinda njaa.

Kiarie akabaki na gari. Wiki ya kwanza alijifanya mwanaume. Ya pili nyama ilianza kukatwa vibaya kwa buchari. Ya tatu akaenda Kiganjo kwa mguu kuomba, na huko akamkuta baba ya Wangui, Mzee Githinji. Huyu Githinji alikuwa na shamba ya kabeji na mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe, inatumia petroli, na alikuwa anajua lita ni kitu gani. Alimsikiza Kiarie mpaka mwisho. Halafu akamkumbusha kitu. Krismasi iliyopita, mbele ya wazee, Kiarie alikuwa amesema kwa mdomo yake kwamba Njaũ inatoka Sagana inafika Kiganjo na mtungi moja ya lita kumi na inabaki. Haya, mzee akasema, fanya. Jumamosi. Wazee watakuwa wamekaa. Ukifika kwa geti yangu na mtungi moja, bibi na gari wote ni wako, enda na amani. Usipofika, moja kati ya hao wawili atabaki Kiganjo na mimi. Na usisahau ya wazee.

Hiyo ya mwisho nyinyi watoto wa siku hizi pengine hamjui. Kwetu bibi akirudi kwa wazazi, bwana haendi kumchukua mikono mitupu. Anaenda na muratina, pombe yetu ya kienyeji, kwa mtungi, wazee wanaonja, wanamkemea kidogo, wanaonja tena, wanasahau walikuwa wanamkemea kwa nini. Bila hiyo mtungi hata ukienda na malaika nyuma yako hakuna mtu atakuambia keti.

Kiarie akaleta gari hapa, macho imeingia ndani. Akaniambia, "Ndirangu, nisaidie. Hii si mambo ya gari sasa. Mtoto yangu ameanza kuita Githinji baba."

Hapo sikucheka, na mnajua mimi nikikosa kucheka kuna mtu amekufa. Tukaita Mzee Kibuthu na sikio yake. Akaweka paipu kabureta ya kwanza, ya pili, akafunga macho mpaka nikadhani amelala. Akasema gari haina ugonjwa, iko na tabia. Tukafanya kazi wiki mzima. Plagi zilikuwa nyeusi kama roho ya dalali. Tukaweka jeti ndogo, ile tundu ya kupitisha petroli, kwa sababu ya hewa ya huku, tukaachilia breki zilizokuwa zimeshika, tukaondoa kutu kwa choki, tukajaza tairi upepo mpaka zikawa zinaimba ukizigonga. Kiarie akataka tufunge kabureta zaidi, inyimwe kabisa. Nikafunga. Gari ikaanza kukohoa kama mzee wa bangi, haina nguvu, unakanyaga mpaka chini ndio isonge, na ukikanyaga hivyo inakula zaidi. Kibuthu akafungua tena pole pole. Akamwambia Kiarie kwamba gari ikinyimwa sana inaiba. Mwisho plagi zikatoka hudhurungi. Si chai ya mgeni, lakini chai ya mtu unamjua.

Akasema inaweza kufika. Kwa shida, lakini inaweza, dereva akiendesha kama amekalia mayai.

Jumamosi tukatoka, Kiarie na mimi. Mimi ndio shahidi, kwa sababu Githinji alikuwa anajua mimi siwezi kuficha kitu ya kuchekesha. Kwa buti kulikuwa na mitungi mbili za manjano, pacha, zile za mafuta ya kupikia. Moja ya petroli, moja ya muratina. Kwenda Sagana, mnajua hiyo barabara, ukishapita Karatina ni kuteremka tu. Na mnajua tabia ya madereva wetu wakiona mteremko. Injini inazimwa, gia inawekwa fri, gari inashuka bure na mtu anapiga mluzi kama ameibia serikali. Kiarie akazima. Nikamwambia hii si pikapu, breki ya sports inasaidiwa na injini, ukizima pedo inakuwa jiwe. Akaniambia nisiogope. Mbele kukatokea mkokoteni ya punda imebeba mchanga. Kiarie akakanyaga breki, breki ikamwangalia. Akasimama juu ya pedo na miguu mbili, kichwa imegonga paa, na mimi nikavuta breki ya mkono mpaka nikasikia ikiuliza nani huyo. Tulisimama pua ya gari imeingia katikati ya magurudumu ya mkokoteni, chini kabisa, kwa kivuli yake. Punda haikugeuka. Mwenyewe alitusalimia akatuuliza kama tunataka kununua mchanga.

Lakini tukafika Sagana na mshale ya mafuta haijashuka hata unywele. Kiarie akaruka nje, akaibusu gari boneti mbele ya watu wa kuuza samaki. Akasema imepona. Nikamwambia Kiarie, hata wilibaro inateremka bure, sasa ugeuze uso uangalie huko tunaenda. Hakunisikia. Mtu akishaona mshale imekaa juu anakuwa kiziwi.

Tukaenda kwa rafiki yake wa buchari hapo Sagana. Nikatoa petroli yote kwa tangi na paipu, na safari hii sikumeza hata tone, muandike hiyo. Tukamwaga ile mtungi moja. Halafu Kiarie akaanza kupunguza uzito. Akatoa spea. Akatoa jeki. Akatoa kiti ya nyuma, akatoa redio, akatoa vikapeti. Akavua viatu, akaacha. Chai alikuwa amekataa tangu asubuhi, na mimi pia akaninyima. Akasimama akaangalia tumbo yangu na huzuni mingi. Nikamwambia bila hii tumbo hakuna shahidi. Ndipo akafungua buti akaona ule mtungi wa muratina.

Nikamwambia, "Kiarie, hiyo ni ya wazee."

Akasema, "Hiyo ni kilo kumi, Ndirangu. Tutakuja kuichukua kesho. Wakiona gari imefika watafurahi wasahau."

Mimi nimeishi na wazee wa Kiganjo. Nimewaona wakisahau majina ya watoto wao. Kiu sijawahi kuona wakisahau. Lakini mtungi ya muratina ikabaki Sagana kando ya spea, na ile tupu ya petroli ikapanda gari, ati ushahidi.

Tukaanza kupanda. Na enyewe, niseme ukweli kwa sababu Shiro ananiangalia, mwanzo aliendesha kama mtakatifu. Gia ya juu lakini si ya juu sana, mguu imelala kwa pedo kama paka. Tulipitwa na lori ya mchele. Tulipitwa na mama amebeba kuni, na akageuka kutuuliza kama tuko sawa. Kiarie ako na jasho kwa pua, anaongea na gari kwa Kikuyu pole pole, anaiita mama. Tukafika Karatina na mshale bado iko nafasi nzuri. Nikaanza kuamini, na mimi siamini hata saa ya kanisa.

Tumetoka Karatina, nikasikia pikipiki nyuma. Alikuwa katekista, pikipiki ya misheni, ile inalia kama mbu, amebeba nyuma mfuko ya vitabu vya nyimbo na kuku amefungwa miguu. Akatufikia. Akatembea na sisi sambamba kidogo, akainama kuangalia ndani kwa karai yetu. Akasalimia kwa heshima. Akapita. Hiyo kuku ilikuwa imeangalia nyuma, na iliendelea kutuangalia mpaka kona.

Nikaangalia mguu ya Kiarie. Nikaona vidole, kwa sababu hakuwa na viatu, zikijikunja. Nikamwambia Kiarie mayai. Nikamwambia Kiarie mtoto. Mguu ikaenda chini.

Wacha niwaambie, Njaũ ilikuwa imekaa kwa njaa tangu Sagana na sasa mama amefungua ziwa. Kabureta zote zikafunguka pamoja. Niligonga nyuma ya kiti nikaona utoto wangu. Kelele ilitoka kwa ekzosi mpaka majani chai ikachanuka kabla ya wakati. Tulipita katekista, tukapita lori ya mchele, tukapita mbuzi na kivuli yake ikabaki nyuma. Na mshale, hiyo mshale ya mafuta, nawaapia haikushuka, ilianguka. Kiarie alikuwa anacheka kama mtoto. Halafu akaona mshale. Mguu ikarudi juu haraka, lakini petroli ikishapita hairudi kwa tangi kuomba msamaha.

Tulipita Marua tukipumua kwa zamu. Kila mteremko kidogo natamani azime, kila mteremko naona ule mkokoteni. Na nyinyi, mkiniuliza mafuta ya Kiarie ilienda wapi, si kwa pistoni wala kwa jeti. Ilienda kwa kuku ya katekista.

Kilima ya mwisho kabla ya kwa Githinji, unaona mabati ya nyumba inang'aa, unaona hata moshi ya jikoni, Njaũ ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Kiarie akaitingisha na kiuno, akaiita mama, akaiita na jina zingine. Hakuna. Tukaisukuma kando.

Akasema atakimbia senta ya maduka achukue petroli na ile mtungi, arudi, amwage, aingie kwa geti kama mtu. Wazee hawatajua. Nikamwambia njia ya senta inapita mbele ya geti yao. Akasema atainama. Basi akaondoka, suruali imekunjwa, miguu tupu, vumbi mpaka magoti, ameshika mtungi ya manjano. Mimi nikafuata nyuma, kwa sababu hiyo singekosa hata ningelipwa.

Wazee walikuwa wamekaa nje kwa viti wanaangalia barabara. Wakaona nini? Wakaona mtoto wa wenyewe anakuja na mguu, bila viatu, bila gari, kwa unyenyekevu, na mtungi kwa mkono. Mmoja akasimama akaondoa kofia. Wamama wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu. Nikasikia mzee mmoja anasema kumbe huyu kijana alilelewa, ameacha hiyo takataka ya gari nyumbani akaja vile mababu walikuja. Kabla Kiarie ajue la kufanya, alikuwa amevutwa ndani ya geti, amepewa kiti, na Githinji mwenyewe amekuja kupokea mtungi na mikono mbili. Pembe za kunywia zimetolewa kwa mifuko, zinapanguzwa na koti.

Githinji aliinua mtungi kwa nguvu ya mtu anategemea kilo kumi. Mikono ikaruka mpaka juu ya kichwa, karibu aanguke nyuma. Akautingisha kwa sikio. Akafungua kifuniko. Akanusa.

Nikasikia mpaka ng'ombe ikimeza.

"Kiarie," akasema, na hakupaza sauti. "Ya wazee iko wapi?"

Kiarie angeweza kudanganya. Angeweza kusema ilimwagika, iliibwa, polisi walichukua. Lakini alikuwa hajakula tangu jana, na mtu wa njaa hana akili ya uongo. Akasema, "Baba mkwe, niliiacha Sagana. Ingeongeza gari uzito."

Mzee wa kwanza akarudisha pembe kwa mfuko. Halafu wa pili. Hiyo sauti ya pembe zikirudi kwa mifuko, nyinyi, sijawahi kusikia kitu mbaya hivyo hata injini ikikatika.

Githinji akaweka mtungi chini, akakaa. Akauliza gari imefika wapi. Nikamwonyesha na kidole, ile rangi nyekundu huko kwa kilima. Akaangalia, akapima na macho, akasema imekaribia lakini haijafika, na maneno ni maneno. Moja anabaki. Akamwambia Kiarie hatamchagulia, yeye ni mtu mzima. Kama ni gari, kuna petroli ya mashine ya nyasi hapo kwa stoo, achukue bure, aende na Mungu. Kama ni Wangui, awache funguo kwa hiyo meza.

Wangui alikuwa ametoka amesimama kwa mlango, mtoto mgongoni. Na mimi niliona kitu Kiarie hakuona. Kiondo ilikuwa kwa mkono yake, imejaa, imefungwa. Alikuwa amepanga kurudi tangu asubuhi, gari ifike isifike. Kazi ya Kiarie ilikuwa kutupa funguo kwa meza tu.

Kiarie akatoa funguo kwa mfuko. Akamwangalia Wangui. Akaangalia funguo. Halafu, Mungu amsamehe, akageuka akaangalia huko kwa kilima, mahali jua ilikuwa imepiga boneti ikawa nyekundu kama nyanya. Akakaa hivyo. Akaendelea kukaa hivyo. Nikamkanyaga kidole na kiatu yangu, hakusikia. Wangui akaanza kuteremsha kiondo chini, pole pole, na macho yake ikabadilika rangi. Nikajua mimi hapa naenda kushuhudia mtu akipoteza nyumba kwa sababu ya mabati.

Sasa huko kwa ukuta kulikuwa na cucu, mama yake Githinji, amejifunika blanketi, amelala tangu tuingie. Watu wote walijua cucu hasikii kitu. Akafungua jicho moja. Akamwangalia Kiarie, akaangalia gari, akamwangalia Wangui kutoka kichwa mpaka miguu, kama mtu anachagua ng'ombe sokoni na haoni kwa nini wengine wanachelewa.

"Wewe Kiarie, chukua msichana," akasema. "Huyu wetu akikula anashiba."